Maka, Mwosha wa Bute

Katika mtaa wetu, mwanamke akikata roho, mtu hutumwa kwa Maka hata kabla ya sheikh kuambiwa. Huja na kitambaa cheupe begani, akiyalalamikia magoti yake. Riziki yake ni maziwa ya ngamia anayouza njia ya soko la mifugo; kwa kuosha maiti hachukui chochote. Ameosha wake wa wafugaji, wake wa matajiri, na vichanga walioionja dunia kwa pumzi chache tu.

Nilidhani haogopi. Kisha mvua zikafurika na kipindupindu kikaingia Bute.

Ugbad, muuza chai, aliugua alfajiri na adhuhuri haikumkuta. Afisa wa afya alifika amefunika pua, akanyunyiza dawa sakafuni, akaacha glavu jozi mbili na ndoo za maji ya klorini.

"Aoshwe kwa maji haya tu," alimwambia Nasteho, binti pekee wa marehemu. "Na tumbo lisikamuliwe. Ugonjwa uko humo." Akaondoka; wagonjwa wengine walikuwa wakimngoja.

Nasteho alitoka uani akaita. Nyumba zetu zimetengwa na ua wa miiba tu, kwa hiyo sote tulimsikia. Kumwosha maiti ni faradhi ya kifaya: mmoja akiifanya, wote wamesalimika, asipotokea mtu, dhambi ni ya wote. Sisi wanawake tulibaki ndani, kila mmoja akimngojea huyo mmoja.

Alikuja Maka. Alisimama penye mwanya wa ua, ameshika mti.

"Eedo, karibu ndani," alisema Nasteho, akimwita shangazi kama sote tumwitavyo.

"Naingia. Acha miguu ikubali." Kisha akapaza sauti. "Nataka mwenzangu. Maiti hageuzwi na mtu mmoja. Enyi wanawake, najua mpo. Nasikia mnavyopumua."

Jua lilikuwa limeanza kuteremka, na maiti alitakiwa azikwe kabla ya magharibi.

Aliyetoka ni Ruqiya, ambaye hakuna mtu angemtaja. Yeye na Ugbad waliuza chai wakitazamana, na kwa miaka walitukanana juu ya birika zao.

"Wewe umefuata nini?" Maka aliuliza.

"Siku zote alisema chai yangu ni maji ya kusuuzia vikombe. Leo nitamjibu, naye atanyamaza."

"Vaa glavu, abaayo, dada yangu."

Yaliyotokea ndani alinisimulia Nasteho, aliyewarudia onyo la afisa kisha akabaki mlangoni akisogeza maji. Maka alipiga bismillahi, akamwinua marehemu kichwa kidogo, na mkono wake ukashuka wenyewe tumboni. Ndivyo anavyoanza kila siku: hulikamua tumbo polepole, ili sanda isije ikachafuka. Kiganja kilikuwa kimeshatulia juu ya ngozi Ruqiya alipomdaka kifundo cha mkono.

"Tumbo hapana."

Maka aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Akautumbukiza kwenye klorini na kuuacha humo.

"Nitaua watu mimi," alisema. "Acha nitoke."

"Ukitoka, utanikuta nimeshafika barabarani."

"Kumbe nawe unaogopa?"

"Unadhani buibui langu linatikiswa na upepo?"

Maka akautoa mkono. Waliendelea, Ruqiya akiusemea kila mguso kwa sauti: bega la kulia, la kushoto, mgongo. Tumbo wakalimwagia maji tu. Ugbad akapata nguo zake tano za sanda na akazikwa jua lingalipo. Jibu lile la chai Ruqiya hakulitoa.

Hawakuthubutu kurudi kwa wajukuu wao. Walikaa kwenye kibanda Maka anakofukizia vibuyu vya maziwa, wakisubiri kuona kama miili yao itawasaliti. Niliwapelekea chai, nikaiweka juu ya jiwe, nikarudi nyuma.

"Eedo," niliuliza, "uliogopa hivyo, na bado ukaenda. Kwa nini?"

Aliinywa kwanza. "Hooyo, mama yangu, alifia njiani, mwaka wa ukame, tukielekea visimani. Mwanamke mmoja aliteremsha mtungi kwenye ngamia wake akamwosha. Maji ya wanawe. Hakutuuliza ukoo. Nakumbuka alikuwa akiwatazama wanawe, kisha mtungi, kisha wanawe."

"Basi unamlipa yeye."

"Sijui. Ningebaki ndani, ningemsikia Nasteho akiita kila siku. Hiyo ilinitisha kuliko kipindupindu."

"Mimi nilidhani ataniita kwa jina," Ruqiya alisema. "Bora nitoke mwenyewe." Kisha akalishika tumbo lake. "Linanguruma."

"Njaa hiyo."

"Na isipokuwa njaa?"

"Nitakuosha."

"Na wewe atakuosha nani?"

Mwosha huoshwa: methali hiyo nimewafundisha watoto darasani mara nyingi, kama jambo lisilo na shaka. Maka aliinua macho akanitazama, na Ruqiya naye akageuka.

"Nitapitia zahanati," nilisema. "Niombe glavu zangu."