Safari Mia Tatu na Mbili

Nilimcheka yule karani wa stendi kabla sijamshukuru, na afadhali niliseme mapema. Alikuwa amehamia Songea kikazi, na kila tiketi aliiandikia namba mbili: ya gari na ya safari. Safari zinazoingia Songea zilikuwa na namba za shufwa, zinazotoka za witiri. Mimi, mzaliwa wa Lizaboni hapahapa mjini, nilimwambia basi hutambuliwa kwa rangi na kibao chake cha namba, na mwenye macho haambiwi tazama. Akatabasamu, akaendelea kuandika.

Mama yangu macho ndiyo hakuwa nayo. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili. Siku ile alikuwa anakuja kwangu kutoka Tunduru, afanyiwe upasuaji kesho yake asubuhi. Nafasi hiyo tulikuwa tumeisubiri tangu msimu wa korosho. Kaka yangu alimpandisha basi, akanitumia picha ya tiketi. Nikashika namba ya gari tu.

Saa tisa alasiri, nikimsubiri pale stendi, dereva mmoja aliyetoka huko aliniambia amepishana na gari hilo likivutwa kurudi Tunduru. Simu ya mama haikupatikana. Nikaita teksi nimfuate hukohuko, na nilipopita dirishani karani akaniuliza kulikoni.

"Gari la mama limerudishwa."

"Pole, dada. Safari namba ngapi?"

Nilitaka kumjibu vibaya. Nikafungua ile picha, nikamsomea: mia tatu na mbili.

Alipekua daftari, akapiga simu stendi ya Namtumbo, iliyo njiani. "Gari limerudi, safari haijarudi," alisema. "Abiria wa mia tatu na mbili wamehamishiwa basi jeupe. Kuna mama haoni, amekaa nyuma ya dereva. Ukienda na teksi mtapishana, na hapa atashuka peke yake."

Nikakaa kwenye benchi bila ubishi, jambo ambalo nyumbani hawaliamini mpaka leo. Basi jeupe, ambalo kwa akili zangu nisingelisogelea, liliingia saa kumi na nusu. Mama alishuka akipapasa mlango, nikamshika mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nilijua utakuwepo."

Wakamfanyia jicho la kulia kwanza. Daktari alipomruhusu kurudi Tunduru, nilimpeleka stendi kwenye dirisha lilelile. Karani akamwamkia, akampa tiketi. Mama akaisogeza karibu na uso, akairudisha mbali kidogo, akasoma taratibu.

"Tatu. Sifuri. Tatu. Ndiyo yangu hii?"

"Ndiyo yako, mama."

Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kumshukuru yule karani. Nikabaki nalia mbele ya foleni nzima, na mama ndiye aliyeniona.