Kuku Aliyemeza Dawa za Biswick

"Usinidanganye, baba Tadala. Kuku halali siku tatu kwa uvivu."

"Labda anaatamia."

"Anaatamia nini, mawe? Amemeza vidonge vyako huyu."

Biswick Kamoto akazidi kugonga bati la ndoo anayoiunda, kana kwamba bati ndilo lililoulizwa. Mkewe, Falesi, kasimama mbele yake, kuku kamning'iniza mkononi kama kitambaa cha jikoni. Jana mwewe alimshukia kuku huyo uani, akamgeuza huku, akamgeuza huku, akaona haya kumwibia aliyelala, akaenda zake. Kijiji kizima kiliona, na asiyeona kasimuliwa.

Falesi hakuwa akicheka. Mwaka juzi Biswick aliacha dawa zake za akili, akapanda paa la kanisa, akaiamuru mvua ipange foleni. Siku tisa walimpelekea ugali wa nsima kwa ngazi. Ngazi ile Falesi hataki kuiona tena.

"Umeziachia nini dawa, hata ukazitupa uani?"

Biswick akaweka nyundo chini. "Zinatuliza kichwa, zinatuliza na kwingineko. Mwezi wa nne huu tunalala kama magunia mawili ya mahindi. Na huku kwenu mume asiyefaa hufungiwa blanketi lake, akarudishwa kwa mamake. Bora kichaa kuliko blanketi."

"Nani kalifunga? Mimi nalifua tu."

"Mjomba wako ananitazama vibaya."

"Usinitajie mjomba."

Maana huko mambo ya chumbani hayasemi mke wala mume. Husemwa na msimamizi wa ndoa, naye ndiye huyo mjomba Sandram, mzee wa miaka sabini na ushee. Wiki iliyopita Falesi alimtuma zahanati akaulize kama dawa za Biswick zinaweza kubadilishwa. Mzee akapanga foleni tangu jogoo la kwanza. Muuguzi akafunga mlango, akamuuliza kwa upole, "Nini kinakusumbua, babu?" Tangu azaliwe hakuna aliyemuuliza hivyo. Akasema la kwake lote, tangu mwaka ule wa njaa, akarudi na tarehe ya kuonwa tena. La Biswick hakuligusa. Hayo yote Falesi akamsimulia mumewe.

"Kumbe naye?" Biswick akauliza, na kwa mara ya kwanza mwezi ule akacheka.

"Naye. Kwa hiyo nitakwenda kusema mwenyewe."

"Mwanamke? Watanicheka."

"Wakucheke uko chini. Ukiwa juu ya paa ndipo wanapocheka vizuri."

"Na wakisema dawa haibadilishwi?"

"Basi tutalala magunia mawili. Mimi niliolewa na kichwa chako, baba Tadala. Hilo lingine lilikuwa nyongeza."

"Nyongeza?"

"Nyongeza nzuri, sikatai. Hasa ule mwaka wa—"

"Hodi wenyewe."

Ni muuguzi, anasukuma baiskeli, daftari la wagonjwa kwapani. Biswick alikuwa hakufika tarehe yake. Muuguzi akaangalia kile kinachoning'inia mkononi mwa Falesi.

"Huyu anaumwa?"

Falesi akamtazama mumewe. Biswick akapangusa kigoda kwa kiganja, akakisogeza karibu yake.

"Keti, sista," akasema. "Kuku ataamka. Mimi ndiye nina la kusema."