Simu Kutoka Darajani Ramisi

Siku ile naikumbuka mpaka leo, mwanangu. Miaka ya tisini ilikuwa inaelekea ukingoni. Simu za mkononi walikuwa nazo matajiri na watu wa mahoteli tu, nami nilikuwa fundi mgeni kwenye mnara wa simu wa Ukunda, chini ya Mzee Mwadime, Mtaita mpole asiyependa makelele.

Mchana simu ya kazini ikalia. Alikuwa shemeji yangu Juma, dereva wa hoteli, aliyeazimwa simu na tajiri wake. "Shemeji! Gari limekufa njiani... Mwanasha... damu..." Kisha mkwaruzo, kisha kimya.

Mwanasha ni dada yangu, na mimba yake ilikuwa imetimia. Wako wapi? Akapiga tena, ikakatika tena! Huko Diani wageni wa sikukuu walikuwa kila mmoja na simu sikioni, na mahoteli yalikuwa yameishurutisha kampuni iache simu zao zitume kwa nguvu zote.

"Mzee, tumuongeze Juma nguvu!"

"Yake imefika mwisho, haina pa kuongezwa. Nitapunguza hizi za Diani."

Nilidhani amerukwa na akili. Dada yangu yuafa, yeye apunguza! "Mzee, waniulia dada!" nikamlilia.

"Tulia, binti. Hawa walio karibu na mnara hata wakinong'ona tunawasikia. Wakipaza sauti, wanamfunika aliye mbali."

Kwa mtambo wa mnara akaishusha nguvu kila simu ya Diani kwa kadiri ya ukaribu wake, na hakuna mgeni aliyelalamika. Simu ikalia.

"Tuko darajani Ramisi!"

Ya Rabi! Sauti ya Juma ilisikika kama yuko mlangoni. Nikaipigia hospitali ya Msambweni, na gari la wagonjwa likatoka mbio.

Mtoto aliyezaliwa jioni ile, mama yake akiwa salama, ni wewe.

Basi juzi nilipopita hotelini kwako Galu, nikakukuta unawafokea walio chini yako mpaka yule mpishi wa kutoka bara akalimeza neno lake, nilishtuka kama siku ile. Wewe tena! Hujui alitaka kukwambia nini, wala mimi sijui.

Nasaha yangu ni hii: cheo kimekuweka karibu na mnara. Hata ukisema taratibu utasikika, kwa hiyo shusha sauti, umpishe anayehangaika kukufikia. Mwenyezi Mungu akuinue zaidi ya hapo, mwanangu, na kila akuinuapo akuachie sikio la kumsikia aliyekwama Ramisi. Amin.