Kinyoya Chini ya Paa la Ghala

Nilikuwa mchezaji wa kulipwa wa badminton. Niliposema hivyo Nchelenge, watu walinitazama kwa adabu, kisha wakauliza kama kweli mtu anaweza kulipwa kwa kupiga kinyoya. Niliwajibu kwamba Lubumbashi inawezekana, au iliwezekana. Kampuni ya mgodi iliniandika karani wa stoo, lakini kwa miaka tisa sikuhesabu hata msumari mmoja. Kazi yangu ilikuwa raketi. Nilikuwa na viatu vya kampuni, chumba cha kampuni, na ukumbi wenye paa la juu sana, hata popo waliolala huko hawakushtushwa na kelele zetu.

Kisha goti langu la kulia likaharibika, na mgodi nao ukaharibika, sijui nani alimtangulia mwenzake. Ukumbi wetu ukageuzwa stoo ya saruji. Vita ilipoanza tena kwetu Kongo, nilivuka ziwa la Mweru katika boti ya wafanyabiashara wa chumvi, raketi zangu nne zimefungwa ndani ya kitenge, nikashuka Nchelenge, upande wa Zambia. Watu wa kwetu walikuwa wengi pale, na Kiswahili chetu kilitosha sokoni. Kwingine kote ilikuwa Kibemba, ambacho nilikizungumza vibaya na bado nakizungumza vibaya.

Nilipata kibarua cha kupima samaki kwenye ghala la zamani la barafu, ghala ambalo barafu yenyewe ilikwisha kusahaulika. Jioni, magunia yakishaondoka, tajiri wangu aliniruhusu kulitumia. Nikachora mistari ya chokaa sakafuni. Nikakata kipande cha wavu wa uvuvi uliochakaa, nikakifunga kati ya nguzo mbili, nikatangaza kwamba nafundisha badminton. Wakaja watu kumi na wawili, wengi wao ili wacheke tu. Baada ya mwezi akabaki mmoja.

Alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Kabuta, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, mtoto wa mwanamke muuza samaki. Alikuja kwa baiskeli iliyokuwa bado inanuka mzigo wa asubuhi. Shule aliiachia darasa la tisa, karo ilipokosekana. Hakuwa mtu wa maneno. Nilipompa raketi aliishika kama mtu ashikavyo kisu cha kuparulia samaki, kwa kidole gumba, na nilipojaribu kumrekebisha nikagundua kwamba hakukuwa na cha kurekebisha.

Nilimpenda mwanafunzi yule kwa choyo. Niliona ndani yake mkono wangu mwenyewe kabla goti halijanisaliti. Vinyoya vyetu vya manyoya halisi vilikuwa vichache, hivyo kila jioni nilivishika juu ya mvuke wa sufuria ili manyoya yasivunjike mapema, na yeye alisubiri kando bila kulalamika. Siku ya kwanza aliponishinda nilimkaripia kwa jambo jingine kabisa, eti kamba za viatu.

Sasa niseme habari ya boriti. Ghala lile lilikuwa la chini. Nikinyoosha mkono wenye raketi na kuruka kidogo, niligusa boriti. Nikaweka sheria kwamba anayegusa boriti kwa kinyoya amepoteza pointi. Kwa hiyo tulicheza chini chini. Vinyoya vyetu vilipita juu ya wavu kwa unene wa kidole, vikali, vimenyooka, na yule msichana akawa hatari. Watu walianza kuja kutazama, wakapiga makofi, nami nikavimba kichwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Jioni moja mama yake alikuja. Alikuwa amemletea mtoto koti, maana mvua ilikuwa njiani. Alisimama mlangoni na beseni lake, akatutazama kwa muda mrefu.

"Ba kocha," akauliza, akionyesha kinyoya, "juu ya nini ile kitu haiendake juu?"

Nikamwonyesha boriti.

"Mukuye Kabuta asubui," akasema. "Asubui mayi inalalaka. Mupepo hakuna hata kidogo. Mumufundishe pale inje, juu iko mingi."

Ati tukacheze ufukweni alfajiri, ziwa likiwa limelala! Nilicheka. Badminton na upepo ni maadui, hilo nililijua kabla yule mama hajajua kwamba mchezo wenyewe upo. Kule kwetu, waliocheza nje kwenye majani tuliwaita watu wa Jumapili.

"Mama, huu muchezo haichezwake inje."

"Ile saa mupepo hakuna, mukwai," akasema, akinipa neno la heshima la Kibemba.

"Na samaki je?" nikauliza, nikidhani nimemshika.

"Samaki nitapokea miye peke yangu."

Anayejua Kabuta anajua maana ya maneno hayo. Alfajiri ndiyo saa mitumbwi inarudi. Muuzaji asiyeingia majini hadi kiunoni kuipokea atarudi na beseni tupu, na mwenye mikono miwili tu hupata nusu ya mwenye minne. Alikuwa ananipa mikono ya mtoto wake saa ile ile alipoihitaji zaidi.

"Mama," nikasema, "miye nilicheza huu muchezo myaka mingi."

"Ee, mukwai," akajibu, akajifunga kitenge vizuri, akaondoka. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tatizo langu ni kwamba nilifikiri mkuu ni mimi. Tena, niseme ukweli, kutoka Nchelenge hadi Kabuta alfajiri kwa baiskeli ni safari, na mimi napenda usingizi.

Miezi miwili baadaye zikaja habari kwamba klabu moja ya Lusaka inatafuta mchezaji mmoja wa kike kutoka mkoa wetu. Atakayechaguliwa atapewa kazi, chumba, na nafasi ya kumaliza shule jioni. Majaribio yangefanyika Mansa, mji mkuu wa mkoa. Msichana aliposikia neno shule alikaa chini sakafuni, akaniomba nirudie. Asipochaguliwa, mipango ilikuwa imekwisha kupangwa: angekwenda kisiwani Chisenga, kwenye kambi za wavuvi, awe mnunuzi wa mama yake kule. Alikuwa na miaka kumi na tisa na hakutaka kwenda Chisenga. Aliniambia hivyo mara moja tu.

Tulikwenda Mansa juu ya lori la samaki. Ukumbi ulikuwa wa shule, na nilipoingia nilitazama juu. Paa lilikuwa kama la kwetu Lubumbashi.

Mpinzani wake alikuwa mwanamke mwembamba, muuguzi, asiye na nguvu yoyote ya kutisha. Siku zile wanawake walicheza hadi kumi na moja. Msichana wangu akaongoza saba kwa moja, na watu wa Lusaka wakaanza kunong'onezana na kuandika. Kisha yule muuguzi akainua kinyoya juu.

Mwanafunzi wangu alikifuata kwa macho, mdomo wazi. Kilipanda hadi kwenye taa, kikapotea, kikaanguka nyuma yake. Muuguzi akainua kingine. Msichana wangu hakuwa amewahi kuona kinyoya kikishuka kutoka juu. Hakujua kitaanguka wapi wala lini, na hata alipokiwahi kule nyuma hakujua kukirudisha ila kwa kukipiga kimenyooka, kikaingia kwenye wavu. Nikapiga kelele, "Rudi nyuma! Rudi nyuma!" kana kwamba nilimfundisha kurudi nyuma. Alinitazama mara moja. Sikuweza kuyavumilia macho yale, nikajifanya nafunga kamba ya kiatu.

Kumi na moja kwa nane, ushindi wa muuguzi. Mzunguko wa pili, kumi na moja kwa moja.

Njiani kurudi alikaa juu ya magunia matupu, kitenge kichwani. Tulipokaribia Mofwe, lori likasimama kununua maji, akaniuliza swali moja.

"Ba kocha, ile sale yenu ya muchezo ya Lubumbashi, juu yake ilikuwa namna gani?"

"Ilikuwa juu sana," nikasema.

"Ah," akasema. Tukafika Nchelenge. Aliposhuka alinirudishia raketi na viatu nilivyomwazima, vyote vimepanguswa vizuri.

Siku tatu baadaye mama yake alikuja ghalani. Alipiga magoti kidogo, akapiga makofi polepole kama wafanyavyo watu wa pale wakimheshimu mtu, akaweka mbele yangu beseni la samaki waliokaushwa, wale wakubwa, wa kuuza.

"Mutusamehe, ba kocha," akasema. "Mutoto aliniambia alichoka. Ni miye. Kila asubui nilimutumisha mu mayi, alafu jioni anakuya kwenu. Ni hii kazi ya samaki ilimuua nguvu."

Basi yule msichana alikuwa amenifichia kosa langu. Alimwambia mama yake kwamba alichoka, na mama akajitwisha mzigo ambao haukuwa wake. Ilikuwa nafasi ya kumwambia habari ya boriti. Nilikuwa mtu wa miaka arobaini, niliyewahi kusimama mbele ya umati katika miji mingi, na nilimwogopa mwanamke aliyepiga magoti.

"Haizuru, mama," nikasema.

Nikapokea beseni. Na nikawala wale samaki, wote, kwa muda wa wiki mbili. Kila nilipokula niliona aibu, na kesho yake nilikula tena.

Msichana akaenda Chisenga. Mwezi ule ule nikaamka siku moja kabla ya jogoo, nikapanda baiskeli na raketi moja na kinyoya kimoja, nikaenda Kabuta. Nilifika mwanga ukianza. Ziwa lilikuwa limelala, hata moshi wa majiko ulipanda wima. Nikasimama mchangani, nikapiga kinyoya juu kwa nguvu zangu zote. Kilipanda, kikageuka, kikashuka palepale nilipokuwa nimesimama.

Nikasikia mtu akicheka kwa furaha nyuma yangu. Alikuwa yule mama, na beseni kichwani.

"Si niliwaambia?" akasema. "Asubui inalalaka!"

Nikapiga tena, kwa sababu sikujua la kufanya. Alikifuata kwa macho hadi juu, akaona kilivyokaa kule, akaona kilivyoshuka. Biashara ya samaki haimlishi mtu mzito wa akili. Niliuona uso wake ukibadilika kabla kinyoya hakijafika chini.

"Ile ya Mansa," akasema polepole, "ilikuwa hivi? Ya juu?"

"Ilikuwa hivi."

Akakitazama kinyoya mchangani.

"Alor, basi, haikuwa samaki."

"Hapana, mama," nikasema. "Haikuwa samaki."

Hakunitukana. Ningependa anitukane. Alishusha beseni kutoka kichwani, akakunja kitenge chake hadi magotini, akaniacha nimesimama pale. Mitumbwi ilikuwa imeanza kufika, akaingia majini kuipokea peke yake.