Ndoo ya Maji Ambayo Haikufika Msibani

Walipokuja kumchukua bibi yangu, ndoo yake ya maji ilikuwa imeshajaa. Aliiweka kizingitini na kuitupia kijitawi cha majani mabichi juu, maji yasimwagike njiani, kisha akaingia ndani kujifunga khanga ya msiba. Nilikuwa nimefika asubuhi ile kutoka Shinyanga mjini, ninakouza vitenge sokoni, kwa sababu mtoto wa jirani alikuwa amefariki. Bibi huyu ni mama wa mama yangu. Ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, na makofi yake nimeyala vya kutosha.

Kwetu usukumani msiba hauna mwaliko. Mtu akifiwa, kila mwanamke wa jirani hutoka kwake na ndoo ya maji kichwani, na unga akiwa nao, na kuni akizipata. Unaitua ndoo, unalia, unaketi chini na wenzako. Hapo hakuna anayeuliza umeleta nini, ila wote wanajua nani hajafika. Asiyefika ana neno lake. Na kama marehemu ni mtoto, tena kuna watu wameanza kunong'ona, basi kutofika ni kusimama sokoni na kusema: ndiyo, ni mimi.

Minong'ono ilikuwepo, sitaficha. Mtoto alikufa kwa degedege, homa ilipanda, hospitali mbali, basi. Lakini baba yake alikuwa machimboni huko Bulyanhulu anachimba mashimo ya kubahatisha, akarudi na uchungu asiojua autupe wapi, akaupeleka kwa mganga. Mganga akapasua kuku, akatazama matumbo, akasema ni mwanamke mzee, macho mekundu, nyumba iliyo upande wa jua kuzama. Hata mimi ningeweza kusema hivyo bila kumsumbua kuku! Kijiji kizima kinajua macho ya bibi yamekuwa mekundu kwa moshi. Miti ilikwisha zamani, tunapikia mavi ya ng'ombe makavu, na moshi wake ukikaa nao miaka hamsini ndani ya nyumba isiyo na dirisha, hata malaika atakuwa na macho ya pilipili.

Sisemi hakukuwa na hatari. Mimi ni mtoto wa huku. Najua vikongwe waliokatwa mapanga kwa sababu ya macho tu, na nikisikia mtu anaeleza habari hizo kama hadithi za ushamba nataka kumtemea mate. Niliogopa. Bibi mwenyewe aliogopa. Ila alikuwa amelala akiliwaza jambo hilo na kuamka ameshaamua.

"Nitapeleka maji," aliniambia. "Nitaketi na mama wa mtoto. Nitalala palepale chini mpaka azikwe. Wenye maneno wayasemee mbele yangu."

Ndipo gari la halmashauri likaingia uani na vumbi lake lote.

Alishuka afisa wa ustawi wa jamii, kijana msafi, viatu vyeusi vimeng'aa, na mgambo wawili nyuma yake. Siyo mtu wa huku. Kisukuma hakuna, hata salamu yetu ya asubuhi, "mwangaluka," hakuijua. Lakini adabu alikuwa nayo, tusimsingizie. Aliinama akasema, "Shikamoo, bibi," bibi akaitikia marahaba, na kijana akaona heshima yote ameshaimaliza hapo.

"Bibi, tumepata taarifa kwamba maisha yako yako hatarini," alisema. "Serikali imeamua kukuhamishia kwenye kituo cha wazee. Utakula, utalala, utatibiwa. Ni kwa usalama wako."

"Nani anayetaka kuniua?" bibi aliuliza.

"Hilo linafanyiwa kazi."

"Unamjua, nami namjua. Ni baba wa mtoto, yuko msibani pale, ameketi kwenye kigoda. Mkamateni yeye. Mbona mnakuja kunikamata mimi?"

"Hatukukamati, bibi. Tunakulinda."

Hebu niambie, msomaji wangu: mwizi akitishia kuja kwako, polisi wanakuja kukubeba wewe na godoro lako, halafu wanamwachia mwizi kijiji? Hayo ndiyo niliyoyaona kwa macho yangu haya.

Bibi hakugombana. Alimwonyesha ile ndoo. Akamweleza taratibu, na pale Kiswahili chake kilipogota mimi nikamalizia, kwamba leo ni siku ya kuzika na maji yake hayajafika. Akamwomba kitu kimoja tu. "Mjukuu wangu, nichukue kesho. Kesho nitapanda gari lako mwenyewe bila kushikwa. Leo niache nifike msibani. Nisipofika leo, nimekiri."

"Bibi, kule kuna watu wenye hasira."

"Ndiyo maana nakwenda."

"Siwezi kuruhusu. Ukidhurika nitajibu nini?"

Neno hilo ndilo lililonikaa kooni mpaka leo. Hofu yake ilikuwa jibu atakalotoa kwa wakubwa zake. Nikapandisha hasira, nikamwambia kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, kijiji hiki hukijui, msiba wetu huujui, waite basi hao mgambo watusindikize mpaka pale, wasimame wamwangalie anatua ndoo, kuna ugumu gani? Akanitazama kwa huruma, ile huruma ya mtu aliyesoma anayemtazama muuza vitenge mwenye mdomo. "Mama, tulia. Wataalamu wameshakaa wakaamua. Bibi mwenyewe kwa umri wake hawezi kujua lililo jema kwake."

Hawezi kujua! Mwanamke aliyezaa, akazika, akalima pamba kwa jembe la mkono mpaka vidole vikapinda, akanilea mimi na pembe zangu zote.

Walimpandisha. Hawakumpiga, hawakumsukuma, walimshika viwiko kwa upole kama wanavyomshika bibi harusi. Ndoo ikabaki kizingitini na kijitawi chake kinaelea. Gari halina njia nyingine ya kutokea isipokuwa mbele ya nyumba yenye msiba, kwa hiyo waombolezaji wote walimwona bibi yangu akipita ndani ya gari la serikali, hakushuka, hakulia nao. Niliinyanyua ile ndoo niipeleke mimi. Nilipoitua, mwanamke mmoja aliyekuwa jikoni aliivuta pembeni, mbali na masufuria, na haikuguswa tena. Maji yakipelekwa na mwingine hayakusafishi wewe. Kufikia jioni maneno yalikuwa yamekomaa: angekuwa hana hatia, asingekimbia.

Waswahili husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wetu alikuja, mwenyeji akahamishwa.

Kituo chenyewe kilikuwa kizuri, nisiwe mnafiki. Sakafu ya saruji, neti, ugali kwa wakati, televisheni ukutani inayowasemesha wazee wasioisikia. Na geti. Mzee hatoki getini bila ndugu wa kumtolea idhini na mkubwa wa kituo kuikubali. Mzee haingii jikoni, ataungua. Mzee hashiki jembe, ataanguka. Nilimkuta bibi ameketi kwenye benchi mikono juu ya mapaja, imelala tu. Sijawahi kumwona bibi na mikono isiyo na kazi. Niliona haya, kama nimemfuma bila nguo.

Sasa sikiliza kitakachokuchoma. Kituoni walipikia gesi. Moshi hakuna. Wakampa na dawa ya matone, na muda si mrefu macho ya bibi yakawa meupe, meupe kabisa, kama ya mtoto. Muuguzi akaniambia kwa furaha, "Mama, ulikuwa moshi tu!" Loo! Nikacheka pale hadi wakadhani nimechanganyikiwa. Kumbe dawa ya uchawi ilikuwa jiko na dirisha. Wangemletea jiko kwake, kabla ya mtoto kufa, kabla ya kuku kupasuliwa, bibi angelala kwake. Lakini jiko halipigiwi picha na kiongozi kama kinavyopigiwa kituo.

Nilikwenda ofisini kwa yule kijana kuomba bibi aruhusiwe siku ya kumaliza matanga. Hiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Aliyekosa kuzika akifika matanga na maji yake, watu humtazama upya. Tena sasa macho yalikuwa meupe, mganga angesema nini? Kijana akanikaribisha kiti, akaniagizia soda, akasema hapana. Hali ya kijiji bado haijatulia. Nikamuuliza, yule mwanaume aliyemtishia yuko wapi? Akasema wamempa onyo na amerudi machimboni.

"Kwa hiyo yeye yuko huru na bibi yuko ndani."

"Mama, usiseme yuko ndani. Yuko kwenye uangalizi."

Nilimpelekea bibi jibu hilo. "Mimi ni mtu mzima," akasema, "leo naombewa ruhusa ya kuteka maji?" Baada ya hapo hakuuliza tena habari za nyumbani. Aliniuliza za vitenge vyangu, akaniitikia, na kila nilipokwenda sauti yake ilikuwa imepungua kidogo. Wakaniambia hana ugonjwa, anakula vizuri. Asubuhi moja hakuamka.

Tulimrudisha kijijini tukamzike kando ya mume wake, hilo angalau hawakutuzuia. Na hapo nikaona alichokiogopa bibi siku ile mlangoni. Uani tulikuwa sisi wa damu tu. Hakuna jirani. Hakuna ndoo hata moja. Tuliteka wenyewe lamboni maji ya kumwoshea marehemu wetu, wafiwa wenyewe, kitu ambacho kwetu ni aibu ya kuhama nayo kijiji. Ila kijana wa halmashauri alikuja, na shada la maua ya plastiki. Akapewa nafasi aseme machache. Akasema serikali ilimpenda bibi, ilimtunza na kumlinda mpaka dakika yake ya mwisho, na hakuna aliyemdhuru. Nilikuwa nimeuma khanga nisipige kelele.

Alipokuwa anaketi, tukamwona mwanamke anakuja peke yake na ndoo kichwani, kijitawi juu. Alikuwa mama wa yule mtoto.

Aliitua mbele yangu. Akapiga magoti, akasema kwa Kisukuma, na sauti haikumtoka vizuri: "Mimi nilimsubiri siku ile. Niliwaambia, msiseme kitu, mayu, mama yetu huyu, anakuja. Akifika na maji yake nitayanywa mimi mwenyewe mbele yenu, na maneno yaishe. Niliketi naangalia mlango wake. Nikaona vumbi la gari." Akafunika uso. "Mbona hakushuka?"

Nilimkumbatia tukalia pamoja, yeye mwanawe, mimi bibi yangu.

Kijana akainama sikioni kwangu, akauliza, mama huyu anasemaje? Nikamtafsiria yote, neno baada ya neno, nikimtazama machoni. Akaviangalia viatu vyake vyeusi. Nilifikiri labda limemwingia. Nikachukua kikombe, nikachota kwenye ile ndoo, nikampa, kwa kuwa kwetu mgeni wa msiba hunyweshwa maji. Akakishika, akayatazama, yalikuwa na rangi kidogo, ya lambo.

"Haya hayajachemshwa, mama," akasema kwa upole uleule. Akanirudishia kikombe. "Hata wewe nakushauri usinywe. Ni kwa usalama wako."

Nikanywa kikombe chote mbele yake, nikachota kingine.