Namono na Vinywaji vya Jua Kali

Mimi naitwa Ramlah, mtoto wa Wanubi wa Jinja, na tangu nizaliwe tone la pombe halijagusa ulimi wangu. Lakini nikute mchana wa mwezi wa pili, jua limesimama juu ya mtaa wetu wa Walukuba kama lina kesi na sisi, uniulize unywe nini. Nitakujibu bila kigugumizi. Kama wewe ni mtu wa mvinyo, chukua mweupe, mwepesi, uliolala kwenye barafu mpaka chupa itoe jasho. Kama ni mtu wa bia, chukua ya ngano, ile yenye ukungu kidogo, inayonukia ndizi mbivu. Haya yote nimefundishwa na jirani yangu Namono, na habari zake ndizo nataka kukupa.

Namono alizaliwa Namatala, kule Mbale, katika nyumba ya malwa. Mama yake, tunayemwita Mama Wamboga kwa jina la kaka mkubwa wa Namono, anapika hiyo pombe ya ulezi tangu ujana wake. Wateja wanazunguka chungu, kila mtu na mrija wake mrefu, na kazi ya Namono akiwa mdogo ilikuwa kuongeza maji ya moto chungu kikipungua. Kwa hiyo alikua akijua kunusa. Aliweza kusema pombe ya nyumba ipi imechacha na ya nyumba ipi bado haijaiva, kabla hakijafunuliwa kifuniko.

Jinja alikuja kutafuta kazi, akaipata ya kuhudumia wateja katika bustani moja kando ya Nile. Mwenye bustani ni Mugweri, Msoga mpole mwenye tumbo la furaha, aliyejenga nyuma ya jiko lake kiwanda kidogo cha bia: mapipa machache ya chuma, mabomba, na harufu ya mkate siku nzima. Mugweri alitengeneza bia nzuri za kila namna, na mvinyo alikuwa nao pia, lakini wateja wake walikuwa na wimbo mmoja tu.

"Bia. Baridi."

"Bia gani, ssebo?" Namono anauliza kwa heshima.

"Baridi!"

Namono alikuwa akirudi nyumbani amenuna, anavua viatu mlangoni kwangu. "Ramlah, mtu amekaa juani tangu asubuhi, koo limekauka, halafu anakunywa bia nzito nyeusi kama uji, anaanza kusinzia! Na kuna bia ya pasheni pale pale, inamwangalia!"

Basi akaanza kuuliza. Umekula nini? Umetembea kwa miguu? Unapenda ndimu? Mtu akisema amekula sato wa kukaanga, alimletea mvinyo mweupe mkali kidogo, akimwambia utafanya kazi ya ndimu. Aliyekula nyama ya kuchoma yenye pilipili alimpa ule wa rangi ya waridi, baridi kabisa. Wengine walicheka, wengine walikunywa. Mimi alinieleza kila kitu kwa matunda, kwa sababu ndiyo lugha tuliyoelewana: huu una chenza, huu una tofaa bichi, hii ina ganda la chungwa. Nami nilimwonjesha karkade yangu, ile juisi nyekundu ya maua makavu tunayopika sisi Wanubi, na akafumba macho kama anasikiliza redio.

Mwaka huu jua lilikuja vibaya. Nyasi za bustani ya Mugweri ziligeuka rangi ya majani ya chai. Mugweri akaamua afanye Jumamosi moja ya vinywaji vya jua kali, watu waje waonje, na siku hiyo yote akamkabidhi Namono.

Alikuja kunieleza akikimbia, viatu mkononi. "Nachagua mimi! Kila kinachomiminwa, nachagua mimi!" Tulirukaruka mle chumbani mpaka jirani wa pili akagonga ukuta.

Akachagua mvinyo mweupe, wa waridi, na ule mwepesi wenye mapovu. Akachagua bia ya ngano, ya tangawizi, ya pasheni. Kisha akanigeukia, uso umemwiva. "Nataka na karkade yako, kwenye barafu, na mnanaa. Wasiokunywa pombe nao wanachomwa na jua lile lile." Nilikubali, kwa sharti meza yangu iwe peke yake karibu na geti, na vikombe vyangu, na maji yangu. Akasema hata jua lenyewe ataniletea la kwangu.

Lakini kitu kimoja kilikuwa kinamkosesha raha. Alitaka bia ya ulezi. Siyo malwa ya chungu. Alitaka ulezi ule ule wa nyumbani, uchujwe uwe mwangavu, upoe, umiminwe kwenye glasi. Mugweri alijikuna kidevu. Alisema ulezi hajawahi kuushika, na asingependa kuharibu pipa. "Basi nakuletea anayeujua," Namono akasema.

Mimi na Namono tulikwenda Mbale, maana mimi nilihitaji maua ya karkade sokoni. Mama Wamboga tulimkuta anaanika kimea cha ulezi juu ya turubai, kanga imefungwa kiunoni. Alitusikiliza mpaka mwisho, akanitazama mimi badala ya mwanawe.

"Ramlah, mwanangu, wewe hapana kunywa, utasema kweli. Huyu ni mgonjwa?"

"Ni mzima, mama."

"Malwa ya baridi?" Akageuka kwa Namono. "Malwa inakunywa moto! Baridi ni ya maiti!"

"Mama, Jinja kuna joto. Watu hawawezi kunywa kitu cha moto mchana."

"Watoe shati."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Namono hakucheka. Alichuchumaa kando ya turubai, akachota kimea, akakinusa. "Mama, nikiwa kazini nawaambia watu habari za zabibu ambazo sijawahi kuona shamba lake. Nazipenda, nakuapia. Lakini hiki ndicho kitu cha kwanza nilichonusa duniani, na siku yangu ikifika bila hiki, itakuwa siku ya mtu mwingine."

Mama Wamboga alipeperusha nzi. Halafu akaingia ndani, akatoka na gunia. "Shika upande huo," akasema. "Na hayo mapipa yao ni ya chuma? Mungu atusaidie."

Kule kiwandani yeye na Mugweri waligombana kama ndugu. Huyu anataka kipimajoto, huyu anatia kidole. Pipa la kwanza lilichachuka kwa hasira, asubuhi tukakuta povu limetembea sakafuni mpaka mlangoni. Mugweri alishika kichwa. Mama Wamboga alicheka akisema angalau iko hai. La pili wakapunguza chachu, wakachuja mara kwa mara kwa kitambaa, wakaliacha lipoe taratibu. Walipofungua koki ikatoka bia nyepesi, rangi ya asali, na harufu yake ikawa ya shamba baada ya mvua. Mugweri alionja, akamkumbatia Mama Wamboga bila kuomba ruhusa.

Jumamosi ikafika. Joto la siku hiyo, hata ndege wa mtoni walikaa kivulini midomo wazi. Watu walijaa bustani. Namono alikuwa amevaa gauni la njano, meza yake imepangwa vizuri, barafu inameta. Wa kwanza akaja.

"Bia. Baridi."

Na wa pili hivyo hivyo. Na wa tatu. Nikiwa getini nilimwona Namono anafungua mdomo na maneno hayatoki. Yule msemaji wangu wa matunda amekuwa gogo! Nikaanza kusoma dua.

Ndipo akaingia Racheal, mchuuzi wa samaki wa Masese, mwanamke ambaye sauti yake inafika kabla yake. Alikuwa amechomwa na jua tangu alfajiri. Akajitupa kwenye kiti mbele ya Namono.

"Nyabo, dada yangu, sina nguvu ya kuchagua. Nipe unachotaka kunywa wewe."

Namono akamtazama. "Umekula?"

"Sangara wa kuchoma na pilipili, hapa hapa."

Mkono wa Namono ulikwenda wenyewe. Mvinyo wa waridi, glasi imelowa ukungu. Racheal alikunywa funda moja, akanywa la pili, kisha akapiga kelele bustani nzima ikageuka. "Jamani! Huyu mtoto ameniogesha kwa ndani!"

Basi ikawa vurugu tupu. Watu walizunguka meza: mimi je, na mimi je, mimi nimekula kuku! Namono akapata ulimi wake, sasa anaongea kwa mikono miwili. Wewe tangawizi. Wewe pasheni, lakini polepole. Wewe mzee unayeendesha gari, nenda getini kwa Ramlah. Kwangu foleni ilifika barabarani, vidole vyangu vyekundu kama nimepaka hina. Alikuja hata Afande Marjan, mzee wetu wa msikitini aliyestaafu jeshini, aliyesema anapita tu. Akapita mara nne.

Mwishowe Namono akatangaza bia ya ulezi. Kijana mmoja akadakia, "Malwa kwenye glasi? Mrija uko wapi?" Watu wakaangua kicheko, na Namono akairudisha glasi mezani. Lakini Mama Wamboga alikuwa amesimama tayari. Alifungua kanga aliyoiviringisha kando yake, akatoa mirija mirefu ya Namatala, akachomeka mmoja kwenye glasi ya yule kijana. Ukamzidi urefu kichwa, ikabidi ainuke kunywa. Alivuta. Akavuta tena. Hakuinua uso mpaka glasi ilipolia.

"Mama," akasema, "iko nyingine?"

Kufikia jioni pipa lile lilikuwa la kwanza kukauka. Glasi ya mwisho Namono alimpelekea mama yake. Mama Wamboga hakuwahi kuonja ya baridi. Alikuwa amekataa siku zote. Alikunywa, akakunja uso, akashika shavu.

"Inauma meno," akasema. Tukasubiri. Akaitazama glasi kwenye mwanga. "Lakini inajua kwetu."

Namono alilia pale pale, amesimama na trei.

Siku hizi bia ya ulezi iko kwenye bustani ya Mugweri kila wiki, na vinywaji vyote vya pale ni kazi ya Namono. Mama Wamboga yuko Namatala na chungu chake cha moto kama zamani, ila amezika chungu kidogo kwenye mchanga uliolowa maji nyuma ya nyumba ili kipoe, kwa vijana, anavyosema. Juzi alipiga simu tukaisikiliza sote wawili. Amejaribu kutia embe kwenye kile chungu cha baridi. Namono alikuwa ameshafunga mkoba kabla simu haijakatika, ananiambia nivae viatu, gari za Mbale zinajaa upesi.