Waya Uliobaki

Kwa miaka thelathini na moja Bwana Stoo alitunza stoo ya chuo cha ufundi, na katika muda huo wote haukutoka hata msumari bila sahihi. Jina la stoo lilimganda, akastaafu nalo. Walimu walipomuaga walimpa saa ya ukutani. Aliigeuza, akahesabu skrubu zake, ndipo akashukuru.

Nyumba aliyostaafia waliachiwa na baba yao, yeye na mdogo wake wa kike, nesi mstaafu. Kaka alikaa chini, dada juu. Katikati ilipita ngazi isiyo na dirisha, yenye giza hata saa sita mchana. Taa yake ilikuwa moja na swichi zake tatu: moja chini, moja juu, na ya tatu pale ngazi inapokunja, kando ya kichumba ambacho Bwana Stoo alikuwa amekigeuza, kama ilivyotarajiwa, kuwa stoo. Hiyo ya katikati ilikuwa kitu cha zamani, nyeusi, ya duara, yenye kitasa cha shaba cha kuzungusha kama cha redio. Uliweza kuwasha taa kwa swichi yoyote na kuizima kwa yoyote nyingine. Baba yao alijivunia ngazi hiyo kuliko alivyojivunia watoto wake, na watoto walimwelewa, maana taa ilikuwa inatii.

Siku kitasa kilipozunguka bila kushika kitu, Bwana Stoo aliifungua swichi nzima, akaipeleka duka la vifaa vya umeme. Mwenye duka aliitazama mgongoni.

"Hii ina skrubu nne, mzee. Ya katikati huwa hivyo. Nikuagizie, inachukua wiki."

"Na hizi zilizojaa hapa?"

"Hizo zina tatu. Hazitakufaa."

Bwana Stoo alikuwa amesikia wauzaji wengi maishani, na wote waliamini kwamba kinachofaa ni kile ambacho hakipo rafuni. Alichukua ya skrubu tatu, akaondoka akiwa na uhakika kwamba amenusurika.

Nyumbani alizima swichi kuu, kwa sababu hakuwa mjinga, akakaa mbele ya waya nne zilizotoka ukutani. Tatu ziliingia vizuri. Mmoja ukabaki. Mtu mwingine hapo angejikuna kichwa. Lakini kwa mtunza stoo, kitu kikizidi maana yake ni moja: kuna mtu aliyedanganya zamani. Aliamua kwamba fundi wa enzi za baba yao alipitisha waya wa ziada ili aonekane msomi. Akauzungushia utepe mweusi, akausukuma ukutani, akafunga kifuniko. Alipobonyeza, taa ikawaka. Kisha, ili kuondoa utata, alikata vikaratasi sita, akabandika viwili kwenye kila swichi: WASHA upande wa juu, ZIMA upande wa chini.

Utata ulianza kesho yake.

Asubuhi dada alishuka kwenda sokoni, akazima taa kwa swichi ya chini kama alivyofanya maisha yake yote. Bwana Stoo akatoka stoo, akabonyeza ya katikati. Giza. Akapapasa hadi chini, akabonyeza. Giza. Akarudi kukaa kwenye kidato, akiwaza. Baadaye dada alirudi, mikono imejaa vikapu, akapanda kwa mazoea na kubonyeza swichi ya juu kwa kiwiko. Taa ikawaka papo hapo.

"Kumbe inawaka," dada alisema.

"Naona," alisema kaka.

Hadi siku ya nne alikuwa na daftari: tarehe, saa, na mkao wa swichi zote tatu. Alihoji mambo kwa utaratibu. Chini WASHA, katikati WASHA, taa imekufa. Imebaki juu. Juu anakaa nani? Jumatano aliteleza gizani akachubuka ugoko, na kutoka ugokoni mawazo yake yalipanda moja kwa moja hadi kwenye karatasi ya wosia wa baba yao, iliyosema kwamba mmoja akitangulia, nyumba itakuwa ya atakayebaki. Hakuwa ameisoma kwa miaka ishirini. Alasiri ile aliisoma mara mbili.

Sasa, kila siku saa moja asubuhi dada alishuka kumtilia matone ya macho. Macho ya Bwana Stoo yalikuwa na presha, na daktari alishasema kwamba bila matone yatazimika. Mwenyewe hakuweza kujitilia: alifumba kabla tone halijaamua kudondoka. Alhamisi, badala ya kuinua uso, alinyoosha mkono.

"Nipe hiyo chupa kwanza."

"Ya nini?"

"Nisome."

"Bila miwani?"

"Natafuta tarehe."

Dada akavuta kiti. "Kaka, sema kilicho moyoni."

"Nauliza tu. Mtu akianguka kwenye ngazi ile, nyumba inabaki kwa nani?"

"Haa! Basi mimi ndiye nakuzimia taa?"

"Sikusema wewe. Daftari ndilo linasema."

"Miaka sita nakutilia dawa machoni. Ningetaka kukumaliza, ningehangaika na swichi?"

"Ndiyo maana nasoma chupa."

Dada akaichukua chupa. Alimwinua kidevu, akatia tone la kulia, la kushoto, akafuta kwa pamba kwa upole uleule wa kila siku, jambo ambalo lilimtia kaka wasiwasi zaidi. Mlangoni akageuka.

"Jumamosi mkwe wangu anakuja na pikapu. Nahamia kwa binti yangu. Taa yote yako. Na matone utafute mwenye mkono."

Ijumaa Bwana Stoo alifunga mlango kwa ufunguo akajitilia mwenyewe. Ilikwisha nusu chupa. Tone moja liliingia sikioni, mengine yaliishia kwenye masharubu, na kama dawa ile ilikuwa nzuri kama walivyosema, masharubu yake siku ile yaliona vizuri sana. Yeye hakuona vizuri. Alikaa akiitazama saa ya ukutani ikiwa na ukungu, akafikiri ingawa hakuandika popote.

Jumamosi kabla ya pikapu alifika fundi umeme, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba na testa ya kupimia umeme iliyochomekwa kwenye kilemba.

"Nani kakuita?" aliuliza Bwana Stoo.

"Shangazi wa juu."

"Nilijua."

"Ndiyo, nimemwita mimi!" dada akapaza sauti kutoka juu. "Siondoki nikiacha jina la muuaji kwenye ngazi hii."

Bwana Stoo alishika tochi, akasimama karibu kiasi kwamba fundi alilazimika kufanya kazi kwa kiwiko kimoja. Kifuniko kikatoka.

"Mzee, huyu mwenzetu kavishwa utepe kwa nini?"

"Umezidi."

"Umezidi nini?"

"Idadi."

Fundi alivua miwani, akaifuta, akavaa tena. "Sikiliza mzee wangu. Kutoka chini zinakuja njia mbili, kwenda juu zinaondoka mbili. Ya katikati kazi yake ni kuzivusha. Wewe njia moja umeiziba. Shangazi akizima kule chini, umeme unahamia kwenye njia uliyoziba. Hata ubonyeze hapa mpaka kidole kiote sugu, taa haiwaki mpaka ile ya chini irudishwe."

"Niliirudisha. Haikuwaka."

"Ulikuwa umeshabonyeza ya katikati, ikapishana na ya juu."

"Na ya juu ikiguswa?"

"Inawaka. Hata ingeguswa na paka."

"Na karatasi zangu?"

"Uongo mtupu. Swichi hizi hazina washa wala zima. Kila moja inategemea wenzake wamekaaje."

Alifunga swichi ya skrubu nne aliyokuja nayo. Bwana Stoo hakukubali kwa maneno. Aliwapanga: dada juu, fundi chini, yeye katikati na daftari, wakapitia mikao yote minane. Kila kidole kilichobonyeza, taa ilijibu. Akataka yarudiwe. Yakarudiwa.

Honi ikalia nje. Mkwe aliingia, akasalimia, akashusha sanduku la kwanza.

Bwana Stoo aliingia stoo. Kazi yake haikuwahi kumfundisha kuomba radhi, lakini ilikuwa na hati ya vitu vilivyoharibika, yenye mstari wa sababu, ambao kwa miaka thelathini na moja aliwajazia wengine. Aliandika, akaifunga kwa uzi kwenye kile kitasa cha shaba, akapanda nacho hadi juu.

"Inahitaji sahihi ya pili," alisema.

Dada akasoma: *Kifaa kimekufa kwa uzee. Waya mmoja ulihesabiwa kuwa umezidi. Kosa la mtunza stoo.*

"Nikisaini nashuhudia nini?"

"Hicho kilichoandikwa."

"Na chupa je?"

Kaka akamnyang'anya kalamu, akaongeza chini: *Na chupa.*

Dada alisaini polepole, kisha akainama kwenye ngazi. "Mkwe wangu! Hilo sanduku lipandishe, baba. Kisha njoo unywe chai."

Jumapili saa moja Bwana Stoo aliinua uso.

"Husomi leo?" dada aliuliza.

"Nilisoma Alhamisi."

Tone likaanguka mahali pake. Vikaratasi alikuwa amekwisha kuvibandua vyote sita. Daftari hakuliacha. Jumatatu aliandika: *Swichi ya chini juu, ya katikati chini, ya juu chini: taa inawaka. Dada: yupo. Itahakikiwa tena kesho.*